Kona ya Chini Kulia

Nitasema mapema ili nisijipe nafasi ya kujikosha: baba yangu hakukosea hata mara moja. Aliyekosea ni mimi, na mimi ndiye ninayelipwa mshahara kule Lahore kwa kazi hiyo hiyo ya kompyuta.

Mashine yenyewe ni kitu kidogo tu. Ni kompyuta ya ukubwa wa pakiti ya sigara, inaendeshwa na mfumo wa Linux, na niliitia ndani ya sanduku la redio ya zamani ya Baba, mbele yake nikaweka kioo cha kugusa. Nilitaka asikilize muziki wake bila kuhangaika na kaseti zinazotafunwa. Kioo nilikigawa miraba minne mikubwa, kwa herufi nene za Kiurdu: juu kushoto Habari, juu kulia Kawali, zile nyimbo za dini za Kisufi, chini kushoto Nyimbo za Filamu, chini kulia Kaseti za Mama. Hizo za mwisho marehemu mama yetu alizirekodi harusini, akiimba na wenzake, na kati ya wimbo na wimbo anasikika akicheka na kumtukana mpiga ngoma.

Sanduku lile lilinilazimisha kukiweka kioo kichwa chini, kwa sababu tundu la waya lilikuwa upande wa juu. Nikaandika mstari mmoja kwenye mipangilio, picha ikageuka ikasimama sawasawa. Nikaunganisha Wi-Fi, nikaacha njia ya kuingia ndani ya mashine hata nikiwa Lahore, nikajaribu kila kitu kwa simu na kwa kipanya. Vyote vikaenda. Kidole changu sikukiweka juu ya kile kioo hata mara moja. Nilikuwa nawahi basi.

Siku ya tatu Baba akapiga simu, akaanza kwa jina langu, Waja, kama kawaida yake.

"Waja, mwanangu, hiki kidude chako kina kiburi. Nakiomba Kaseti za Mama, chenyewe kinanisomea bei ya vitunguu."

"Unagusa wapi, Baba?"

"Palipoandikwa. Chini, kulia."

"Hebu vaa miwani kwanza."

"Miwani iko puani."

Nikacheka. "Basi unakisoma kama gazeti la Kiurdu, unaanzia kulia. Kompyuta haiendi hivyo, mzee wangu."

"Nimevuta nyenzo za ishara za reli pale stesheni ya Khanewal miaka thelathini na minne," akasema. "Treni hazijagongana. Kulia nakujua."

Alipiga tena mara nne wiki ile, na kila mara nilimjibu kwa ufupi zaidi. Mara ya mwisho nilimwambia hata mtoto wa chekechea angekuwa ameshaelewa. Kisha, kwa kuwa nilijiona mcheshi, nikaipeleka hadithi kwenye kikundi cha familia kwenye simu: Mzee leo kagombana na kioo, kioo kimeshinda. Dada yangu Nuzhat alicheka mpaka akatuma sauti ya kucheka kwake. Kaka yetu mkubwa, Shaukat, hakucheka. Aliandika, "Haya ndiyo ninayowaambia kila siku."

Shaukat anakaa Karachi, ghorofa ya nane. Tangu Baba aliposahau sufuria ya maziwa jikoni ikawa mkaa, Shaukat alikuwa anataka kumchukua akae kwake, na nyumba yetu ya Multan, alikobaki Baba peke yake, ifungwe. Alisema akili ya mzee imeanza kuondoka. Baba alitaka kufia kwenye nyumba aliyofia mke wake, basi, hakuwa na ombi lingine duniani. Na mimi, kwa vichekesho vyangu, nilikuwa nampa Shaukat ushahidi wa bure.

Ghafla simu za Baba zikakoma. Nilidhani amekata tamaa, na nikiri kwamba nilishukuru kupumzika. Baada ya mwezi mmoja akatuma ujumbe wa sauti kwenye kikundi.

"Njooni Jumapili, wote watatu. Mtaniomba muziki mnaoutaka, nami nitauweka kwa kidole changu, mbele yenu. Nikishindwa, Shaukat, nitafunga mizigo siku hiyo hiyo, sibishani. Nikiweza, usinitajie Karachi mpaka nife."

Nilifika wa kwanza, asubuhi. Baba akanikumbatia, akanipa chai, akaenda buchani kuchagua nyama mwenyewe. Nikafungua laptopu yangu uani, nikaingia kwenye mashine kwa Wi-Fi ya nyumbani ili nimwongezee nyimbo mbili tatu. Ndipo nikaona faili ambalo mashine huandika kila mguso: saa yake, mahali kidole kilipotua kwenye kioo, na mraba uliofunguka. Nikafungua ukurasa wa kwanza, wa ile wiki ya simu.

Kidole cha Baba kilikuwa kimetua katikati ya mraba wa Kaseti za Mama, mara kumi na moja mfululizo, hakikuteleza hata upana wa punje ya mchele. Na mara zote kumi na moja mashine ilikuwa imefungua Habari.

Picha na mguso ni vitu viwili. Ukigeuza picha, lazima ugeuze na mguso, kwa mstari wa pili. Mimi niliandika mmoja. Kwa hiyo kila alichogusa chini kulia, mashine ilikisikia juu kushoto. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Uso wangu uliwaka pale uani, peke yangu, bila mtu wa kuniona.

Ningeweza kumsubiri mlangoni nikamwambia. Nilipiga hesabu ya maneno ambayo ningelazimika kuyasema: miwani, gazeti, chekechea, kile kikundi. Shaukat naye alikuwa njiani, Shaukat ambaye huwaambia watu Karachi kwamba mdogo wake ni fundi mkubwa wa kompyuta. Nikaamua kumsaidia Baba kimya kimya. Niliandika mstari wa pili. Nikalifuta lile faili la miguso, lote, bila kusoma kurasa zilizofuata. Nikaizima mashine, nikaiwasha, nikajaribu kwa kidole changu mwenyewe kila kona. Sasa ilitii. Nilijiambia kwamba nimemwokoa.

Baba akarudi na nyama yake.

"Hujanichezea mashine yangu?" akauliza kabla hata hajaweka mfuko chini.

"Sijaigusa, Baba."

"Vizuri. Tumeshazoeana, mimi naye."

Nilisikia maneno hayo, nikaendelea kumenya vitunguu saumu.

Tulikula pilau, tukala na halua, na Shaukat akasifu nyama. Halafu Baba akaosha mikono, akavaa koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba, akaenda kusimama karibu na sanduku. Alikuwa amenyoa ndevu vizuri. Nuzhat akapiga makofi.

"Haya bwana di-jei! Sisi tunataka Mama."

"Mama, tena?" Baba akatabasamu. "Hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote."

Akanyoosha kidole bila kusita hata kidogo, akakiweka juu kushoto. Juu ya Habari.

Mtangazaji akaanza kusoma habari za mvua ya mawe huko kaskazini.

Hapo hapo nikaelewa. Mwezi ule mzima hakuwa amekata tamaa. Alikuwa amekaa na ile mashine siku baada ya siku, mzee wa miaka sabini na sita, mpaka akagundua mwenyewe kwamba ni ya kinyume, akakizoeza kidole chake kwenda pasipoandikwa. Nami asubuhi ile nilikuwa nimeigeuza.

Baba akagusa tena pale pale. Mtangazaji akaanza upya. Akagusa kwa nguvu zaidi, halafu kwa upole, kama mtu anayebisha hodi.

"Baba," Shaukat alisema polepole, "hapo pameandikwa Habari. Unayaona maandishi?"

"Nayaona. Hii mashine ni ya kinyume. Ukitaka hiki unagusa kile."

Nuzhat alishusha macho kwenye sahani. Shaukat aliinuka, akapita mbele ya Baba bila kumsukuma, akaweka kidole chini kulia. Sauti ya mama ikajaa chumbani, anaimba, anacheka, anamwambia mpiga ngoma kwamba mikono yake ni ya kukandia udongo.

"Inafanya kazi, Baba," Shaukat alisema. Hakusema kwa ubaya. Macho yalikuwa yamemlowa.

Baba akanigeukia mimi.

"Waja. Wewe ndiye uliyeitengeneza. Waambie. Si ilikuwa kinyume?"

Wote watatu wakanitazama. Jibu lilikuwa neno moja tu. Lakini nyuma ya neno hilo kulikuwa na lile faili nililolifuta, na uongo wa saa tatu zilizopita, na kicheko changu chote.

"Labda umechoka, Baba," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hakukuwa na hasira ndani yake hata kidogo. Alikuwa anatafuta kitu usoni mwangu, na alipokikosa, akaanza kukitafuta ndani yake mwenyewe. Halafu akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Basi," akasema. "Niliahidi. Nuzhat, nisaidie sanduku la nguo."

Jioni ile Shaukat alitoka kutafuta gari, Nuzhat akawa jikoni anaosha vyombo. Mimi nilimkuta Baba chumbani amekaa kitandani, ameshika soksi mbili zisizolingana. Nikapiga magoti mbele yake, nikasema yote. Nilisema mstari uliokosekana. Nilisema faili na miguso yake kumi na moja, na asubuhi ile alipokuwa buchani. Nilisema kwamba nimemdanganya, kwamba akili yake ni nzima kuliko yangu. Nililia kama mtoto, na sikuona aibu ya kulia, nilikuwa na nyingine kubwa zaidi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Pale Khanewal kulikuwa na mwenzangu," akasema, "siku moja akadai nyenzo zimebadilishana nafasi usiku. Alikuwa anaapa, maskini. Mimi ndiye niliyeandika barua atolewe kwenye kibanda cha ishara. Mtu akianza kuona nyenzo zinahama, mwanangu, wakati wake umefika."

"Lakini Baba, zilihama kweli. Mimi ndiye niliyezihamisha."

"Najua unavyonipenda." Aliziweka zile soksi chini. "Usijitie doa kwa ajili yangu, na usiende kumwambia Shaukat maneno hayo, mtagombana bure. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa hivyo, kila kilichovunjika nyumbani ulikuwa unasema ni wewe. Mungu akupe radhi zake, mtoto mwema."

Kutoka jikoni nilimsikia Nuzhat akifunga bomba. Mlango ulikuwa wazi, na gari alilolipata Shaukat lilikuwa linaingia uani. Ningeweza kusimama, nikawaita wote, nikaapa mbele yao, nikaigeuza mashine tena mbele ya macho yao mpaka waamini.

Baba akainua mkono wake anibariki, lakini haukunifikia kichwani. Sikusimama; nikainamisha kichwa ili aufikishe.