Nyanya za Mgeni Rasmi

"Fukia vizuri, mathe, huo mfuko usionekane kwa kamera," alisema Justus, afisa wa mradi, kijana wa bara mwenye viatu visivyojua tope.

Kache alifukia. Miche ilikuwa mikubwa, imebeba nyanya nyekundu, imeletwa asubuhi na pikapu kutoka kitalu kimoja cha Ukunda. Nyanya zake mwenyewe zilikuwa zimekauka, na jana alikuwa ameamriwa azing'oe, mgeni rasmi asije akaziona.

Zilikuwa na kisa. Paneli za sola na pampu yake zilifungwa kisimani mvua ilipokatika. Fundi aliijaribu pampu mara moja, maji yakaruka, watu wa kijiji chao cha Bodo wakapiga vigelegele. Kisha Justus akatia kufuli kwenye kisanduku cha swichi. Msaada wa serikali hauguswi kabla ya kuzinduliwa, alisema. Uzinduzi ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Jua ambalo lingeendesha pampu likabaki kuchoma nyanya.

Na mashine yao ya petroli ya kuvutia maji haikuwapo tena. Barazani walikuwa wameambiwa kwamba msaada ni wa wasio na mashine, na Kache ndiye aliyembembeleza mumewe auze yao.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," Mwero alikuwa amemwambia.

"Serikali ni yetu, itatuacha vipi?"

Nyanya zilipokufa, Mwero hakumlaumu hata siku moja. Heri angalimlaumu. Kimya chake kilimuuma Kache kuliko hasara yenyewe.

Mgeni rasmi alifika mchana. Utepe ukakatwa, kufuli likafunguliwa, maji yakatiririka kwenye matuta, picha zikapigwa.

"Mama, hongera! Nyanya zimestawi kweli. Siri yako ni nini?"

Justus alimkazia macho. Kache akamtazama Mwero, aliyesimama nyuma ya watu wote, kisha akainama, akang'oa mche mmoja pamoja na mfuko wake, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Hizi zimekuja leo na gari, mheshimiwa. Zetu zimekufa zikikungoja wewe."

Mgeni alibaki ameushika, udongo ukimdondokea viatuni. Mshereheshaji akaongeza sauti ya muziki haraka. Hotuba zikafupishwa, magari yakaondoka, na Kache akajua kwamba hata hilo halingerudisha tuta moja.

Jioni pikapu ilirudi. Dereva alishuka na toroli, akaanza kung'oa miche mmoja mmoja.

"Samahani, mama. Zilikuwa za kukodi tu."

Hakuna aliyemzuia. Pampu ilikuwa ingali inanguruma, maana Justus aliondoka kwa hasira bila kukumbuka kufuli lake. Mwero akaja, akasimama kando ya mkewe.

"Sasa maji yapo," alisema.

"Yapo," alijibu Kache, akiyatazama yakijaza mashimo matupu.