Chupa ya Mwisho ya Ambrosi

Vita vya Hitla vilipokwisha, Mgiriki mmoja mwenye duka alifunga virago kuondoka Tabora, akamuuzia mpishi wake Ambrosi kasha la mvinyo mwekundu kwa bei ya kutupa. Ambrosi alizilaza chupa chini ya kitanda, nyumbani kwake mtaa wa Ng'ambo, na kila Pasaka akafungua moja. Alikuwa akionja funda, anakunja uso. "Bado mkali," husema. "Haujaiva." Uliobaki alimwachia mkewe Flavia jikoni, autumie kama siki.

Flavia hakuwahi kuutia kwenye kachumbari hata tone.

Pasaka hii ilibaki chupa moja tu. Ambrosi aliifungua, akaonja, akajiinamia kama mtu aliyefiwa. "Ni uleule ukali, Mama Tekla. Miaka yote hii nimengoja bure."

Flavia alikuwa amezoea kumwacha na mvinyo wake, lakini uso ule ulimshinda. "Si bure," alisema. "Wa mwaka juzi ulikuwa laini kabisa. Wa mwaka jana nusura uniimbishe."

"Uliunywa lini?"

"Kesho yake, ulipokwenda Ipole kwenye mizinga yako ya nyuki. Chupa ikilala wazi usiku mmoja, ukali unakwisha."

Flavia alijiandaa kwa ugomvi. Mumewe akaokota kizibo mezani, akakitupa nje dirishani.

"Kesho siendi Ipole," alisema.