Saini ya Marehemu Beda

Saa mbili asubuhi, Jumatatu moja ya Julai 1994, Kija Ngolo alikuwa ameshika ncha ya futi kamba kwenye daraja la njia ya Rudewa, nje ya mji wa Kilosa, akitafuta mtu wa kumshikia ncha ya pili. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa tatu, yuko kwenye mafunzo ya vitendo. Jumuiya ya Wahandisi ilikuwa imekiahidi chuo kwamba kila mwanafunzi atapata mwanachama wa kumsimamia. Wiki tatu zilikuwa zimepita bila hata mmoja kufika. Tangu biashara ziachiwe huru, wahandisi wa ofisi ya ujenzi walikuwa wamekwenda kufungua kampuni zao, na ofisini alibaki karani na funguo za stoo.

Ncha ya pili ilishikwa na Mhandisi Beda, aliyefariki mwaka 1985.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vuta, imelegea."

Kija alimfahamu kwa picha iliyotundikwa ofisini. Kuanzia siku hiyo marehemu alifika kila asubuhi, amevaa kaunda suti iliyopigwa pasi. Hakuwa mpole, mchoro mmoja alimrudisha nao mara tano. Siku ya kumi alimwambia ashuke mtoni na mti mrefu, aupitishe chini ya nguzo ya kati. Mti ulipita wote. Maji yalikuwa yameshakula mchanga, nguzo inaning'inia.

"Masika ikija, hili linalala," alisema Beda. "Andika."

Kija aliandika kurasa kumi na moja. Beda akatia saini. Karani aliitazama ile saini, akasema ni ya Beda kabisa, ila kanuni zinataka mwanachama aliye hai. Walio hai wako Mikumi, kwenye mkutano mkuu.

Walikwenda kwa lori la mahindi. Beda alikaa mbele kwa ajili ya umri wake.

Mlangoni mwa ukumbi palitundikwa bango: TUWALEE WANAFUNZI WETU. Katibu, Bwana Makarius, alimkumbatia Beda, akamwambia amenawiri, akampa beji na kiti cha mbele. Kisha akapekua orodha.

"Binti, umealikwa na nani?"

"Mkutano si unatuhusu sisi, mzee?"

"Unawahusu, lakini si wenu. Subiri nje, mtaletewa maazimio."

Kija alisubiri tangu asubuhi hadi alasiri. Nyani wawili waliingia ukumbini, wakatoka na mikate, hawakuulizwa beji.

Ndani, Beda alisimama akaeleza habari za daraja na za binti aliyeko nje. Alipigiwa makofi. Mwenyekiti akasema maneno hayo ndiyo yanayoonyesha haja ya kuwa na kamati ya wanafunzi, na wote wakamchagua Beda kuiongoza, kwa kuwa ndiye pekee mwenye nafasi. Ofisi ingekuwa Dar es Salaam. Gari lilikuwa tayari.

"Nimekataa," alimwambia Kija alipotoka. "Wanasema marehemu hana haki ya kukataa."

"Ya kukubali anayo?"

"Hiyo anayo," alisema Beda, akaingia garini.

Kija akaingia ukumbini bila beji, akaiweka ripoti mezani kwa nguvu, vikombe vikalia.

"Nguzo inaning'inia! Watu wanapita pale kila siku! Hapa mko sitini na wawili, mmoja tu atie saini!"

Wa kwanza alisema hajaliona daraja.

"Twende ukalione. Jua halijazama."

"Jioni hii tunakwenda kutazama wanyama," alijibu Makarius kwa upole, akampa maandazi ya njiani.

Daraja lililala mwezi wa Aprili uliofuata, na lori la Hussein, dereva wa Zombo, lilikuwa juu yake. Chuo kilikuwa kimeshamwandikia Kija arudie mafunzo, kwa kuwa hakuwa na msimamizi. Alipanda basi akaenda msibani.

Hussein alikuwa amekaa mkekani kati ya waombolezaji, nguo zikimchuruzika maji. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa akimkamulia shati.

"Shikamoo, baba," alisema Kija.

"Marahaba, mwanangu. Hivi, kuna aliyejua?"

"Tulijua."

"Wangapi?"

Kija akamwambia. Hussein aliwafikiria wote hao. Kisha akamwomba mkewe amsogezee mgeni mkeka, upande usiolowa.