Jumapili ya Kutembeleana

Zilikuwa zimebaki siku tano mishahara itoke, na katika jiko la Bi Pasi mlikuwa na nusu kikombe cha mchele, kitunguu kimoja kilichokwisha kuota majani, na pakiti tatu za chumvi. Chumvi haikuwa tatizo. Tangu aolewe hajawahi kuishiwa chumvi, na mara nyingine alijiuliza kama hiyo ndiyo bahati yenyewe aliyoandikiwa.

Jina la Bi Pasi alilipata kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako alikuwa amenyoosha mashuka kwa miaka kumi na miwili bila kuunguza hata moja. Mumewe alikuwa fundi katika kiwanda cha magodoro, na watu walimwita Fundi tu. Walikuwa na watoto watatu: binti mkubwa wa miaka kumi na tatu, aliyebandikwa jina la Mwalimu kwa tabia yake ya kusahihisha watu, na mapacha wa kike wa miaka sita, waliokula kana kwamba wameajiriwa kula. Mwezi ule karo na viatu vya shule vilikuja kwa pamoja. Mshahara ulipita pale nyumbani kama mgeni mwenye haraka: ulisalimia, haukukaa.

Jumamosi walikunywa uji mchana, na jioni Bi Pasi akaongeza maji na chumvi, akauita supu.

"Mama, huu ni uji ule ule," Mwalimu alisema.

"Ni supu nyeupe."

Fundi, ambaye alikuwa amesikia mahali kwamba mtu akitafuna mara arobaini hushiba upesi, aliwaamuru wote watafune. Mwalimu akamwambia uji hautafunwi. "Tafuna," Fundi akasema, na familia nzima ikakaa pale mezani ikitafuna uji, kila mtu akihesabu moyoni, mpaka pacha mmoja akajing'ata ulimi.

Jumapili asubuhi Fundi aliamka na wazo.

"Leo twende tukamsalimie dada," alimwambia mkewe. "Hatujamwona siku nyingi."

"Tangu mwezi jana," Mwalimu alisema kutoka chumba cha pili. "Siku tano kabla ya mshahara."

Bi Pasi hakulipenda lile jambo. Hajawahi kwenda nyumbani kwa mtu kwa ajili ya tumbo lake. Kwao walilelewa kwamba njaa ni kama nguo ya ndani: unayo, lakini huionyeshi. Lakini aliwatazama mapacha, waliokuwa wakilamba vijiko vilivyooshwa tangu jana, akaenda kupasha pasi moto.

"Hatuendi kula," Fundi alieleza. "Tunakwenda kusalimia. Wakitukaribisha chakula, tunakataa kwa adabu. Mara moja."

"Mara moja tu?"

"Mara moja. Ukikataa mara mbili watu huamini."

Bi Pasi alinyoosha nguo zote mpaka zikasimama zenyewe, maana mtu mwenye mkunjo kwenye suruali hashukiwi njaa. Na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, alichukua pakiti moja ya chumvi, akaifunga kwa gazeti, akaitumbukiza katika mkoba wake mzuri. Mapacha wakaonywa: msitazame jikoni, msinuse kwa sauti, na neno njaa lisisikike. Waliondoka saa tano, ili kwa mwendo wa mguu wafike wakati sufuria inateremshwa.

Walikuwa wamefika nusu ya njia, karibu na kituo cha mafuta, walipoona kwa mbali watu waliovaa kama wanakwenda harusini. Mwanamume alikuwa na tai. Mwanamke alikuwa na mtoto mgongoni na mkoba mkononi. Walipokaribiana, wakatambuana. Alikuwa wifi yake Bi Pasi, dada wa Fundi, pamoja na mumewe, dereva wa lori la takataka.

"Wifi, hamjambo? Mnaelekea wapi?" Bi Pasi aliuliza.

"Tunakuja kwenu," wifi alisema.

"Sisi tunakuja kwenu."

Gari likapita, vumbi likawashukia, hakuna aliyejipangusa.

"Basi turudi wote kwenu," Dereva alisema. "Si wanasema mgeni njoo mwenyeji apone? Tumekuja kuwaponya."

"Sisi wazima," Fundi akajibu. "Ninyi ndio mnaonekana mnahitaji kuponywa. Twendeni kwenu."

"Kwetu wanapaka rangi," wifi alisema haraka.

"Kwetu kuna kunguni," alisema Fundi, na papo hapo akajutia, maana fundi wa magodoro kutangaza kunguni ni sawa na mpishi kutangaza kipindupindu. Mwalimu alifungua mdomo amsahihishe. Bi Pasi akamkanyaga.

Wifi, kwa kutafuta la kufanya, alitoa kwenye mkoba wake kifurushi cha gazeti. "Nilikuwa nawaletea hiki kidogo." Bi Pasi akatoa cha kwake. Walibadilishana kwa mikono miwili, na kila mmoja akajua kwa uzito tu ni nini alichopewa.

"Ahsante, wifi," Bi Pasi alisema. "Kwa kweli chumvi ilikuwa inanisumbua."

Ndipo Fundi akamkumbuka kaka yake mkubwa. Alikuwa karani wa mahakama, kapera, anayekaa mtaa wa pili tu kutoka pale. Mtu asiye na mke wala mtoto, walikubaliana, hana wa kummalizia chakula. Wakageuza njia wote wanane. Walipofika walimkuta Karani getini, amevaa suti, anafunga kufuli la pili juu ya kufuli la kwanza. Kwapani alikuwa na kifurushi cha gazeti.

"Ndiyo kwanza nilikuwa nakuja kwenu," Karani alisema, akiangalia katikati ya familia mbili ili isijulikane kwa nani. Bi Pasi hakuhitaji kuuliza kifurushi kina nini.

Walisimama barabarani, watu tisa walionyooshwa vizuri. Jua lilikuwa utosini. Hakuna aliyekumbuka baadaye nani alilitaja kwanza jina la Shangazi, na hata leo kila mmoja humsukumia mwenzake.

Shangazi yao akina Fundi alikuwa amekuwa mlezi wa bweni katika shule ya wasichana kwa miaka thelathini. Alikuwa amestaafu, lakini sauti haikustaafu. Pensheni yake iliingia katikati ya mwezi, kwa hiyo wakati huu, walipiga hesabu, yeye bado alikuwa mtu. Hakuna aliyekwenda kwake bila sababu, maana hata mwenye sababu alirudi amekaripiwa. Lakini mwenye njaa hana miiko. Wakaenda.

Harufu ya maharage na kitunguu cha kukaanga iliwapokea kabla ya mlango. Ndani redio ilikuwa ikisoma habari. Fundi akapiga hodi. Redio ikazimwa.

"Hodi, Shangazi."

"Sipo," ilisema sauti ya Shangazi.

Walitazamana. Pacha mmoja akasogea mpaka kwenye tundu la kitasa. "Shangazi, uko wapi?"

"Nimesafiri."

"Utarudi lini?"

"Mishahara ikitoka."

Karani akaweka tai yake sawa. "Shangazi, tumeisikia sauti yako. Huo ni ushahidi."

"Ushahidi wa mtu asiyekuwepo haupokelewi, na wewe unajua, ndiyo kazi yako."

"Tumekuja kukusalimia tu," Fundi alisema.

"Salamu zimefika. Kwaherini."

Kijiko kiligonga sufuria ndani. Dereva alifumba macho kama mtu anayesali. Bi Pasi alikuwa amesimama nyuma ya wote; asubuhi mabaki ya uji wa jana aliwagawia mapacha, na yeye hakutia kitu mdomoni. Aliwaza kwamba tangu asubuhi watu wote hawa wazima walikuwa wamesema juu ya rangi, kunguni, salamu na sheria. Alisogea mbele, akawapita, akauweka mkono kwenye mlango.

"Shangazi, tuna njaa."

Uso ulimwaka kama anapoinama juu ya mashine ya kunyooshea.

"Nani huyo?" sauti iliuliza.

"Mimi, mke wa Fundi."

"Mwenye njaa ni wewe, au watoto?"

"Sote tisa. Hata Karani."

Karani alitazama viatu vyake, lakini hakupinga. Komeo likavutwa. Shangazi alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na mkononi alikuwa na mwiko.

"Mngesema hivyo tangu mwanzo," alisema. "Naweni mikono."

Mezani kulikuwa na mikebe saba ya maharage, kila mmoja umebandikwa karatasi: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumamosi. Shangazi alipika mara moja kwa wiki, akapoza, akagawa, akaweka kwenye friji yake ndogo, na hakuna siku iliyowahi kuigusa siku ya pili. Aliwafungulia Jumapili. Jumapili ilikwisha kabla Fundi hajavuta kiti. Akawafungulia Jumatatu na Jumanne kwa ajili ya watoto. Jumatano waliila wanaume, wakisema wanaonja tu. Wifi alisema hapana kwa Alhamisi, mara moja, kwa adabu, kisha akaila. Shangazi alikaa kando akiitazama wiki yake ikipita mbele ya macho yake, na kila mkebe ulipokwisha aliubandua karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Jumamosi ilipoisha alisimama, akaosha mikebe, akaingia chumbani. Alitoka na begi, mto na filimbi.

"Unakwenda wapi, Shangazi?" Fundi aliuliza.

"Wiki yangu mmeibeba ninyi. Naifuata."

Ndivyo alivyohamia kwa Bi Pasi. Alikagua vyumba viwili kwa dakika moja, akasimama mbele ya kitanda cha mume na mke.

"Hiki cha nani?"

"Chetu," Fundi alisema.

"Kilikuwa."

Jumatatu jioni alipuliza filimbi, familia zote tatu zikiwa zimeitwa. Kila mtu, alisema, akalete chakula alichonacho kwake, hata kama ni aibu. "Atakayeleta chumvi atarudi nayo." Ikajulikana kwamba wifi alikuwa na kilo tatu za unga muda wote, ila alikuwa hana mkaa wala mafuta, akaona afadhali aonekane hana kitu kuliko aonekane na unga mbichi. Bi Pasi alikuwa na mkaa. Karani alileta mikebe minne ya samaki, ameikumbatia kama mafaili.

"Hii ulikuwa unamwekea nani?" Shangazi aliuliza.

"Wageni."

"Na sisi ni nani?"

"Ninyi ni ndugu," Karani alisema, na alionekana kushangaa kwamba jibu halikutosha.

Dereva alileta kabichi mbili kubwa. Watu walikumbuka lori analoendesha, wakarudi nyuma hatua moja. Aliapa kwa jina la mama yake kwamba amepewa sokoni na mwanamke aliyemsaidia kusukuma mkokoteni. Shangazi alizinusa kabichi, akamnusa na yeye, akaziosha mara tatu.

Basi wakala. Walipanga foleni na sahani, mdogo mbele mkubwa nyuma, na aliyelalamika alirudishwa mwisho wa mstari. Jumanne Karani alirudishwa mara mbili. Jumatano alikuwa wa kwanza kufika, amevua tai, anauliza kama kuna cha kumenya. Mwalimu akafanywa kiranja, akasahihisha watu mpaka akachoka mwenyewe.

Lililomgusa Bi Pasi lilikuwa dogo. Alhamisi alirudi kutoka hospitali, miguu imevimba, na njiani kote, kwa mazoea, alikuwa akijiuliza atapika nini. Alipofungua mlango maji yalikuwa yanachemka, mapacha wanachambua mchele wa ile nusu kikombe punje kwa punje, na Shangazi akamwambia bila kugeuka, "Wewe umechoka. Kaa." Alikaa. Hakumbuki mara ya mwisho mtu kumwambia neno lile katika nyumba yake mwenyewe. Aliinamisha kichwa kama anafungua kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

Ijumaa mishahara ilitoka. Bi Pasi alinunua nyama, mchele, mafuta na nyanya, akapika mwenyewe, na watu kumi wakala bila foleni. Fundi alitafuna kila pande mara arobaini, safari hii kwa hiari yake. Karani alilia kidogo, akasingizia pilipili, ambayo haikuwemo.

Baada ya kunawa, Shangazi alisema kwamba kesho asubuhi atarudi kwake. Mapacha wakaanza kulia. Fundi, ambaye kwa siku tano alikuwa amelala sakafuni, mtu anayeshinda akishona magodoro ya watu, alisema kwa upole kwamba mtu mzima ni vizuri awe karibu na vitu vyake.

"Kaa mpaka Jumatatu," Bi Pasi alisema. Alijisikia akisema, na hakujirudi.

Shangazi alilitazama begi lake lililokwisha fungwa.

"Nitakaa mpaka katikati ya mwezi," alisema. "Pensheni ikiingia, nami nitapika."

Fundi aliinuka, akachukua mkeka uliokuwa umeegemezwa nyuma ya mlango, akaenda kuutandika.