Mtego wa Ishirini na Tano

Miaka thelathini na minane nimetega koyote, mbweha wa huku kwetu, kwenye vilima hivi vya mchanga, na sijapoteza mtego hata mmoja. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ndicho kitu ambacho kila mtu wilayani anajua kunihusu, kama wanavyojua kwamba kahawa ya mke wangu Marvella ni maji ya kunawia. Kila majira ya baridi chama cha wategaji huniita ukumbini niwaonyeshe wanaoanza jinsi ya kutia nanga, maana wengi wao wanadhani kazi ni kumnasa mnyama. Kumnasa si kazi. Koyote akishanaswa mguu anavuta, anaruka, anazunguka, na kama mtego haukushikwa vizuri ardhini anaondoka nao, akateseke huko usikomwona.

Kwenye mchanga wetu kigingi kifupi cha nondo kinatoka kama kijiko kwenye uji. Ndiyo maana mimi natumia nanga ya waya. Unakipigilia kipande cha chuma chini, kirefu kuliko mkono wako wote, kikiwa kimefungwa kwenye waya mnene, halafu unauvuta waya juu kwa nguvu mpaka kile chuma kigeuke kikae kimekingama huko chini. Ukishafanya hivyo hata fahali hakitoi. Hilo la kuvuta mwishoni nawaambia mara tatu, na bado kuna mpumbavu atakayelisahau.

Basi Jumanne moja ya Novemba jirani yangu Wanda Pribil akapiga simu asubuhi, akasema nije nimchukue koyote wangu. Nilidhani ananitania. Wanda ni mjane mwenye ng'ombe mia mbili na ulimi wa kunyolea ndevu, na nusu ya njia yangu ya mitego inapita kwenye malisho yake kwa ruhusa yake. Nilimkuta kwenye uzio wa mashariki, bunduki begani. Koyote alikuwa amelala kwenye majani makavu, amekufa, mtego mguuni, na kwenye mnyororo wa mtego kinaning'inia kigingi cha nondo kisichozidi urefu wa kisigino mpaka goti. Kigingi kilikuwa kimenasa kwenye nyaya za uzio, na hapo ndipo Wanda alipomkuta akampunguzia mateso.

Akanionyesha kibati cha jina kilichofungwa kwenye mnyororo. "Nisomee hiki, Leland. Miwani nimeiacha ndani."

Kilisomeka L. DOSEK. Mimi ndiye L. Dosek, hakuna mwingine.

"Si wangu," nikasema.

"Jina lako, lakini si wako."

"Mitego yangu iko ishirini na minne na yote iko mahali pake. Na mimi situmii vigingi vya namna hii, unajua."

"Basi huu umeota wenyewe." Akamgeuza koyote kwa ncha ya buti. Mbavu zilikuwa zinahesabika. "Huyu katembea na chuma siku nne, labda tano. Mimi nilikuruhusu utege kwangu kwa sababu unapita kukagua kila siku. Nipe jibu kabla ya Ijumaa, huu mtego umetoka wapi. Usipokuwa na jibu, lango langu usiliguse tena."

Nilipanda pikapu damu ikinichemka. Nikapita njia nzima, mtego mmoja baada ya mwingine, daftari mkononi. Ishirini na minne. Nikarudia upya kuanzia mwisho nikipiga alama kwa kalamu. Ishirini na minne, kila mmoja na nanga yake, kila waya nikiuvuta unakaza. Sikuelewa. Mtego wa ishirini na tano ulikuwa nyuma ya gari langu, na jina langu juu yake, na mimi sijawahi kuuona.

Na kama hayo hayakutosha, mbwa naye alinitia wazimu. Dolly ana miaka kumi na miwili, na tangu akiwa mdogo amefunzwa akifika penye mtego akae chini hatua sita kutoka hapo, asisogee. Wiki tatu sasa alikuwa ameharibika. Kila tukipita lango la kinu cha upepo kilichovunjika, ambako sina mtego, anaweka miguu kwenye dirisha na kulia. Mbele kidogo, penye bwawa lililokauka, vivyo hivyo. Nyumbani nako alikuwa amezua lake: Marvella akitaka kwenda banda la kuku, Dolly anakaa katikati ya njia na kumzuia, mpaka Marvella akachoka akawa anazunguka upande wa tangi la gesi. Nilishamwambia Marvella kwamba mbwa kazeeka, akili zimemtoka, tujiandae. Siku hiyo pale kwenye kinu nilimfokea anyamaze, akashuka kwenye dirisha akaweka kichwa kwenye paja langu.

Usiku sikulala vizuri, nikageuzageuza jambo lile mpaka likapata sura. Trent Oberg. Huyu ni kijana wa miaka thelathini na kitu, anafuga kaskazini yetu, nilimfundisha kutega mimi mwenyewe, na majira ya baridi yaliyopita nilimpa mitego mitano ya zamani yenye vibati vyangu. Amekitia kigingi kifupi kwa uvivu, mtego umeng'oka, aibu imenipata mimi. Asubuhi nilifika kwake akiwashushia ng'ombe majani, na sikumsalimia. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyapanga njiani, pamoja na mengine yaliyojileta yenyewe.

Trent alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mzee Leland, ile mitego ulikuja ukaichukua."

"Lini?"

"Mwezi wa kumi, siku ile ya upepo mkali. Ulisema koyote wamezidi. Ukaingia jikoni, ukanywa kahawa na mke wangu Kirsten, akakupa pai ya maboga umpelekee Marvella. Umesahau?"

Aliposema umesahau nilihisi moto masikioni. Nilimwambia kwamba nimemfundisha kutega, sikujua kwamba uongo alikuwa ameshaujua. Alinipeleka ghalani akanionyesha msumari ukutani, na chini yake alama tano za kutu kwenye mbao, mahali mitego ilipokuwa ikining'inia. Msumari mtupu hauthibitishi kitu, nikasema, hata mimi naweza kuficha mitego. Alikuwa ananiangalia kwa namna ambayo sikuipenda hata kidogo. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Nikarudi nyumbani nimevurugika kabisa. Kama Trent anasema uongo, kwa nini atie pai ndani yake? Mwongo hahitaji pai. Nilijaribu kuukumbuka mwezi wa kumi na nikaukuta upo: tumeuza ndama, Marvella amepata kifua, tumebadilisha betri ya pikapu. Siku ya upepo mkali sikuiona mahali popote. Lakini nani anakumbuka kila siku ya upepo huku kwetu?

Marvella alikuwa anatafuta kamba kwenye gari. Akainua kiti cha pikapu, kisha akauliza, "Hii ya Kirsten imekaa humu tangu lini?"

Alikuwa ameshika sahani ya bati ya kuokea pai. Huku kwetu kila mwanamke hubandika utepe chini ya sahani na kuandika jina lake, ili baada ya misiba na karamu za kanisani kila sahani irudi kwa mwenyewe. Chini ya ile paliandikwa OBERG kwa wino mweusi. Ndani yake palikuwa na ukoko mkavu wa pai na uma wetu mmoja. Pai nzima nilikuwa nimeila peke yangu, mahali fulani, garini, na mdomo wangu haukukumbuka hata ladha yake.

"Sijui," nikamwambia.

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma. Niliogopa, na niseme wazi niliogopa nini. Mitego mitano. Mmoja ulikuwa umeondoka na koyote wa Wanda. Minne iko nje, nimeitega kwa mikono yangu na siijui ilipo, na mtego usioujua ni mtego usioukagua. Mnyama anaweza kuwa amekaa humo tangu wiki iliyopita wakati mimi napita hapohapo barabarani nikimfokea mbwa.

Ndipo nikamtazama Dolly. Alikuwa amekaa pale kwenye njia yake ya kipuuzi, akinitazama.

Tulikwenda hadi lango la kinu cha upepo. Safari hii nilifungua lango na kumfungulia mlango, nikasema, haya, nenda. Alishuka kwa shida kwa sababu ya viungo, akatembea moja kwa moja, akapita birika la ng'ombe, akakaa. Hatua sita mbele yake, chini ya kichaka cha mkonge mwitu, palikuwa na mtego wangu, umefukiwa vizuri kabisa, udongo umechekechwa kama ninavyochekecha mimi. Nilifukua mnyororo nikakuta kigingi cha nondo, kifupi. Nilikitoa kwa vidole viwili.

Wa pili alinionyesha kwenye bwawa lililokauka. Ulikuwa umejifunga, na ndani yake mna manyoya machache tu, nikashukuru. Wa tatu ulikuwa ng'ambo ya uzio wa Wanda, mtupu. Vyote vigingi vifupi, vyote vya nondo zilizobaki nilipojenga sakafu ya ghala. Hivi ndivyo nilivyotega nilipokuwa naanza, kabla sijajua kitu. Nilizungusha kigingi kile mkononi nikijaribu kumfahamu mtu aliyekipigilia, na sikuweza. Baada ya wa tatu Dolly alirudi garini mwenyewe akajikunja kwenye kiti, ikawa kama kwamba kazi ya huko imekwisha.

Nilipita kwa Wanda nikamwekea mitego mitatu mbele ya mlango wake. Nikamwambia kwamba niliitega mimi, na ule wa koyote pia ni mimi, na kwamba sikumbuki kuitega. Kusema hivyo kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Nilingoja kejeli yake, hakuitoa.

"Marvella anajua?"

"Ameona sahani ya pai."

Wanda aliitazama ile mitego. "Iliyobaki mingapi?"

"Mmoja. Sijui uko wapi."

"Lango langu liko wazi," akasema. "Lakini uje na Marvella. Peke yako hapana, Leland."

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu ya ghala. Marvella alikuwa anatoka jikoni na bakuli la maganda ya viazi, anakwenda kwa kuku, na Dolly, ambaye kushuka garini kumemchosha siku nzima, aliruka kabla sijazima injini. Alimkimbilia akakaa mbele yake katikati ya njia.

"Ameanza tena," Marvella akasema, akainua mguu amvuke.

"Simama hapo hapo!"

Katika miaka arobaini na moja ya ndoa sijawahi kumpigia Marvella kelele namna ile. Alisimama, mguu mmoja hewani, akaurudisha polepole alikoutoa. Nilimpita, nikampita mbwa, nikahesabu hatua. Nne, tano, sita. Nilipiga magoti kwenye majani yaliyoanguka, nikayapangua kwa kalamu, na chini yake kikatokea kibamba cha mtego, pale mnyama anapokanyaga, safi, kimetulia katikati ya meno yake. Mtu wa miaka sabini na mmoja anayekwenda kwa kuku asubuhi kwenye barafu, mumewe hayupo hadi mchana.

Niliufyatua kwa kalamu, ukaivunja vipande viwili. Kisha nikashika mnyororo nikavuta ili niung'oe kama ile mingine.

Haukutoka. Nikavuta kwa mikono miwili, nikasimama nikavuta kwa mgongo. Nikafukua nikaona waya mnene unazama mchangani, umekaza, umevutwa juu mwishoni kama ninavyowafundisha ukumbini. Katika yote mitano, huu mmoja nilikuwa nimeutia nanga sawasawa.

Marvella alikuja akasimama kando yangu, bakuli la maganda kiunoni. Aliutazama ule mtego, akautazama waya, kisha akaitazama njia ya tangi la gesi ambayo alikuwa akiilalamikia wiki tatu.

"Unahitaji jeki?" akauliza.

"Jeki haiwezi. Lete koleo kubwa la kukatia waya. Chuma kitabaki humo chini."

"Koleo liko wapi?"

Nilifungua mdomo kumwambia, na mahali pake hapakunijia. Alingoja, na Dolly akangoja. Halafu nikatoa funguo za stoo ya mitego mfukoni na kumpa, nikamwambia azishike yeye kuanzia leo.