Chumba cha Kwanza Ng'ambo ya Daraja Mbili

Gibson alitoka nyumbani Jumapili asubuhi akiwa amevaa gambuti, na hakurudi. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa sababu ya kubaki ndani, lakini yeye alikuwa ameingojea wiki nzima.

"Leo nawaonyesha watu ploti ikiwa haijapakwa poda," alimwambia mkewe, Nyakerario, huku akitafuta mwavuli nyuma ya mlango.

"Nawe usiniletee kikohozi hapa," Nyakerario akamjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akichagua.

Hawakuambiana kingine. Saa sita simu ilipolia, jina lililotokea lilikuwa la Gibson, ila sauti ilikuwa ya Celestine, muuza ndizi wa soko la Daraja Mbili. Alisema walikuwa kwenye mteremko fulani upande wa Nyamira. Gibson alitangulia, akageuka kuwaonyesha mahali maji yanapokatia, kisha akaketi kwenye majani mabichi, asiinuke tena.

"Tulidhani ni sehemu ya somo, mama," Celestine alisema akilia. "Tukasimama tukimngoja aendelee."

Gibson hakuwa mwalimu wa darasani. Aliuza saruji na mabati katika duka moja mjini Kisii, na kwa miaka mingi aliwaona watu wakija kununua misumari kwa furaha, kisha wakirudi baadaye wamenywea, kwa kuwa ploti waliyouziwa ilikuwa na mwenyewe mwingine. Siku moja alichoka kuwahurumia kimoyomoyo. Akaanza kuwachukua wale ambao hawajawahi kununua ardhi, kila Jumapili, akitembea nao shamba kwa shamba. Hakuwatoza kitu. Ukimletea soda alikunywa.

Nyakerario alikuwa ameandamana nao mara kadhaa, na masomo yale aliyajua kama nyimbo za kanisani. Usiende kuona ploti wakati wa jua, maana kwenye jua kila kilima ni kizuri. Usimsalimie muuzaji kwanza, salimia majirani, hasa akina mama wanaochota maji, wao ndio wanaojua nani amegombana na nani. Hati iangaliwe kwenye ofisi ya ardhi, si mkononi mwa broka, dalali wa ploti. Muuzaji akikuambia mke wake amesafiri, nawe safiri. Na kabla ya yote, zunguka shamba ukitazama chini. Ukiona udongo umeinuka, au maua mahali pasipo na sababu ya maua, uliza ni nani amelala hapo.

"Penye kaburi pana mwenyewe," alikuwa akiwaambia. "Hapo si ploti tena. Utapewa karatasi, lakini mahali hutapewa."

Yeye mwenyewe alikuwa na ploti moja, ng'ambo ya Daraja Mbili, pale ambapo migomba inaanza kupisha nyumba za kupangisha. Alikuwa amechimba msingi wa vyumba kumi. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo ingemsomesha binti yao, Abigael, na ndiyo ingewaondoa kwenye nyumba ya kupanga. Ili kuinunua, Gibson alikuwa amemuuzia ndugu yake Masese sehemu yake ya shamba la baba yao huko Ikonge, chai na yote. Nyakerario alimuuliza wakati ule, "Na tukitaka kurudi?" Gibson akacheka. "Turudi kufanya nini? Kuhesabu mawingu?"

Kwa hiyo ukoo ulipokutana Ikonge kupanga mazishi, swali lililokuwa likingoja liliulizwa na Omogaka Nyamweya, mzee wa ukoo, kwa sauti ya upole kabisa.

"Mtoto wetu ana nyumba wapi?"

Kila mtu pale alijua kwamba mwanamume mwenye mke na mtoto hatolewi mochari akapelekwa moja kwa moja shimoni. Huingizwa kwanza katika nyumba yake, hata kama ni kibanda kilichosimamishwa jana, alale humo, ndipo azikwe kando yake. Na Gibson, aliyewaonyesha watu wengi mahali pa kujenga, hakuwa na hata kibanda.

Masese alikohoa. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amelia zaidi ya wote. "Nafasi ipo hapa kwangu, shemeji. Tumsimamishie chumba cha mabati pale juu ya chai. Aingie, tumzike vizuri."

"Na baadaye?" Nyakerario akauliza.

"Baadaye gani?"

"Hicho chumba."

"Si nitakigeuza zizi la ng'ombe? Mabati hayatupwi." Mtu mmoja nyuma alicheka, na Masese akaona haya. "Sikusema kwa ubaya."

"Najua. Lakini nikija kupalilia kaburi la mume wangu, nitabisha hodi kwa nani?"

"Kwangu. Mimi ni mtu wa nje?"

"Wewe si mtu wa nje, shemeji. Ila nitabisha. Na Abigael atabisha kwa watoto wako. Na watoto wao hawatamjua."

Mvua ilipiga juu ya mabati ya nyumba ya Masese. Nyakerario aliitazama mikono yake. Alikuwa ameogopa sentensi iliyokuwa ikija, kwa kuwa alijua inabeba nini.

"Ploti ipo," alisema. "Azikwe Daraja Mbili."

Masese aliruka kana kwamba ameketi kwenye siafu. "Ile ya kupangisha? Shemeji, umesikia unachosema? Si mwenyewe ndiye aliyekuwa akiimba kila siku kwamba ploti yenye kaburi si ploti? Nani atapanga mlangoni pa kaburi? Hutapata mpangaji, na ukikwama hutapata mnunuzi! Utamlisha huyu mtoto nini?"

Hapo palikuwa pagumu, kwa kuwa Masese alisema kweli. Nyakerario aliona vile vyumba kumi kama alivyokuwa akivichora Gibson kwa kidole juu ya meza: milango ya bluu, tangi la maji, kamba za kuanikia nguo. Alijua kwamba akitamka neno moja zaidi, vyote vitazikwa pamoja naye.

Celestine alikuwa ameketi karibu na mlango pamoja na wanafunzi wengine wa Gibson, kimya kama wageni wanavyopaswa. Akaomba ruhusa ya kuongea.

"Wazee, nisameheni. Tulimuuliza siku moja, mtu akiuza mahali wazazi wake walipolala, anakuwa ameuza nini? Mwalimu alinyamaza. Yule hakuwa mtu wa kunyamaza, mnamjua. Halafu akasema, 'Hiyo mniulize Jumapili nyingine.'" Akapangusa uso kwa kitambaa. "Hatukumuuliza tena."

Omogaka Nyamweya alitikisa kichwa polepole. Hatimaye akamgeukia Nyakerario. "Mama Abigael, ukimweka kule, kule ndiko kwako. Hutasema tena ni biashara."

"Nimeelewa, Omogaka."

"Basi jengeni."

Walijenga. Chifu na watu wa afya ya umma walipokwisha kukubali, wanafunzi wa Gibson walifika na majembe, koleo na toroli, wengine wakiwa bado na nguo za ofisini. Muuguzi mmoja alibeba matofali kwa glavu za hospitalini, wakamtania kwamba atayadunga sindano. Fundi aliinua chumba cha kwanza juu ya msingi aliouchimba Gibson, kile cha karibu na barabara. Masese alikuja na mabati kutoka kwake, akayapigilia mwenyewe, na hakuna aliyemtajia ng'ombe.

Jeneza liliingizwa ndani plasta ikiwa mbichi. Nyakerario aliketi kando yake, akisikia harufu ya saruji, ile harufu ambayo Gibson alirudi nayo kila jioni kwenye shati, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu ile simu.

Miezi imepita. Broka mmoja alikuja juzi, hakujua habari, akaisifu ploti kwa kuwa iko karibu na lami. Alipozunguka chumba akaona maua, akaomba radhi na kuondoka. Jumapili nyingine wanafunzi hupita hapo kabla ya kwenda kutazama mashamba, na Nyakerario akiwa na nafasi huwafuata. Anawafundisha yaleyale ya mvua, ya majirani, ya mke aliyesafiri. Ameongeza swali moja tu, analoliuliza mwanzoni kabisa, kabla ya bei: ulikotoka, umebakiza mahali? Wengine hucheka. Celestine hacheki.

Nyakerario na Abigael wanaishi katika chumba cha kwanza. Msingi wa vyumba vingine umepandwa sukuma wiki.