Kilo Elfu Sita na Mia Nne

Jumanne asubuhi, siku moja kabla ya mnada wa Chirimani, Ndeti Musyoki alikuwa amepiga magoti nyuma ya kompyuta ya ushirika wa wafugaji, akiuchomoa waya wa mizani na kuuchomeka tena kwa mara ya tisa. Chai yake ilikuwa imepoa juu ya stuli. Mahamri mawili yalikuwa yamefunikwa kwa daftari ili nzi wasiyaone. Ilikuwa Septemba ya mwaka 1999, na huko nyuma ya Kinango ukame ulikuwa umekaa mpaka watu wakauzoea.

Mizani yenyewe ilikuwa nje, kando ya zizi: bamba la chuma lililowekwa juu ya saruji, pana kiasi cha kumtosha fahali, lenye kidirisha cha namba na waya mrefu ulioingia ofisini kwa dirishani. Ililetwa na wafadhili waliotaka ng'ombe wauzwe kwa uzito badala ya kuuzwa kwa jicho, maana jicho la mnunuzi siku zote humwona ng'ombe mwembamba kuliko alivyo. Wafadhili walipiga picha, wakala pilau, wakaenda zao. Programu ya kuisomea mizani waliiacha ndani ya diski moja, na diski ile ikaota ukungu kabla ya mnada wa kwanza.

Ndipo akaitwa Ndeti. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, Mkamba wa Shimba Hills, wazazi wake wakiwa wamehamia kule tangu wakati wa kugawiwa mashamba. Alikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani hadi zile ghasia za mwaka 1997, wageni walipoacha kuja na hoteli ikawarudisha watu makwao. Aliondoka na barua ya shukrani na sidii ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ambayo Mholanzi mmoja aliisahau ndani ya gazeti chumbani kwake na hakuna aliyeiulizia. Uzuri wa Linux, alipenda kumweleza kila aliyekubali kumsikiliza, na hawakuwa wengi, ni kwamba hakuna kilichofichwa. Kitu kikikataa unakifunua, unasoma kilivyoandikwa, na ukiona kosa unalirekebisha mwenyewe bila kumpigia mtu magoti.

Kazi yake ilikuwa kuandika kiendeshi, yaani programu ndogo inayokaa ndani kabisa ya mfumo ili kompyuta na kifaa kigeni vipate kusemezana. Ushirika ulimpa minada mitatu. Miwili ilikuwa imekwisha pita. Wiki ya kwanza kila alipokipachika kile kiendeshi, kiini cha mfumo kilitoa taarifa kwamba kimeingiwa na hofu na hakiwezi kuendelea, kisha kompyuta ikazimika. Wiki ya pili hofu ilikwisha, lakini zilikuja herufi za ovyo, alama za kuuliza na vijidoa. Jumanne hiyo, saa tano kasoro, ndipo alipogundua kwamba mizani ilikuwa ikizungumza polepole, kama mtu wa Pwani aliyekula akashiba, naye alikuwa akiisikiliza kwa haraka za watu wa bara. Akapunguza kasi, na namba zikaja.

Zilikuja mbili mbili. Akapandisha mfuko wa saruji ulioandikwa kilo hamsini, skrini ikaandika 48, halafu 0. Ile sufuri hakuielewa, ila hakuishughulikia. Ile arubaini na nane aliielewa vizuri, akamtazama mwenye duka la saruji aliyekuwa akipita, na mwenye duka akatazama kwingine.

Siku ya mnada, ng'ombe wa kwanza alikuwa wa Ziro. Ziro alitangulia na fimbo begani, na mkewe Dama akafuata nyuma akishika kamba. Hiyo ndiyo desturi ya huko: ng'ombe ni wa mwanamume, na maji ya ng'ombe ni ya mwanamke. Ng'ombe alikuwa wa kuhesabika mbavu. Alipoweka mguu wa nne juu ya bamba, chuma kililia, bamba likadidimia kiasi cha kidole kimoja, na saruji ikapasuka kutoka pembe moja hadi nyingine. Skrini ikaandika 181, halafu 6400.

Ndeti aliomba ng'ombe ashushwe. Sufuri na sufuri. Akapandishwa tena: 181, 6400. Alikiondoa kiendeshi na kukipachika upya, akabadilisha waya, akaupitia msimbo mstari kwa mstari huku foleni ikingoja, na watu wa Chirimani kungoja wanakujua. Fahali wa Kaingu, aliyeletwa kwa lori kutoka ranchi yenye kisima cha mashine, alisoma 412 na 0. Mtamba wa Nzai akasoma 150 na 3900. Mwishowe Ndeti alivua viatu, akapanda yeye mwenyewe. Chuma kililia kuliko kilivyomlilia ng'ombe, na kule ofisini karani wa ushirika akamsomea kwa sauti kupitia dirishani: hamsini na nne, halafu laki moja thelathini na moja elfu mia nne.

Aliwaambia watu wamsamehe, kuna mahali amekosea kupanga tarakimu. Dama, aliyekuwa bado ameshika kamba, akamwambia hapana.

"Mwanangu, hiyo namba ya pili igawanye kwa ishirini."

Ndeti akaigawanya. Mia tatu na ishirini.

"Basi. Mitungi mia tatu na ishirini, ya lita ishirini ishirini," Dama akasema. "Tangu vuli ya mwaka jana ilipotukimbia, kila siku mtungi mmoja nimemchotea huyu. Ya nyumbani sikuja nayo hapa."

Mke wa Nzai alihesabu kwa vidole na kusema wake ni mia moja tisini na tano, ambayo ndiyo hesabu yenyewe, maana mtamba alinunuliwa mwezi wa tatu. Watu waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja alisema hata yeye siku zote alikuwa akijiuliza maji yale huenda wapi. Ziro, aliyekuwa ameamka na ng'ombe wa kilo mia na ushee, sasa alikuwa na ng'ombe wa tani sita na nusu, akavuta shati likae vizuri na kusimama kama mtu mwenye mali.

Ndeti alirudi kwenye namba yake mwenyewe, akaigawanya polepole. Ilitoka mitungi elfu sita mia tano na sabini, ambayo ni mmoja kila siku kwa miaka kumi na minane. Aliuona mgongo wa mama yake Kanyiva ukipanda kutoka mtoni kule Shimba Hills, kamba ya mtungi ikiwa imemkaza kipajini, mpaka pakaingia mfuo ambao haukutoka hata baada ya maji ya mfereji kuletwa. Hakuwahi kumwuliza mama yake juu ya mfuo ule. Alimpenda sana wakati huo, na angelia, ila foleni ilikuwa ndefu.

Mnunuzi alikuwa Mramba, mtu wa Mombasa mwenye malori mawili na kicheko kikubwa, na hakuwa mtu mbaya. Alichutama, akapitisha kidole kwenye ufa wa saruji, akakubali kwamba namba ni ya haki tupu. Lakini yeye huuza nyama, akasema, na mteja wa nyama haulizi ng'ombe alinyweshwa na nani.

Dama hakutaka bei. Hilo alilisema mbele ya watu wote, taratibu, ili pasiwe na atakayedai hakusikia.

"Mimi nataka yaandikwe tu. Kwenye hiyo karatasi ya mauzo, kando ya uzito. Anayemchukua atie sahihi akiwa ameyaona."

Kicheko cha Mramba kilipungua. Bei angeweza kuikataa, lakini sahihi ilimtia wasiwasi. Alisema karatasi ikishaandika leo, kesho itaanza kusema. Kama Chirimani wanataka wanunuzi watie sahihi kwa maji ya wake za watu, yeye na wenzake wataupeleka mnada Kinango mjini, ambako hakuna mizani inayojua mambo mengi hivyo.

Kamati ikaketi chini ya paa la mabati, wanaume saba na thermosi moja. Mwenyekiti Tembo alifungua kwa kusema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, na wote saba wakaafiki kwamba hayo ndiyo maneno. Wakazungumza nusu saa. Hakuna aliyesema namba ni ya uongo. Waliamua kwamba ni ya kweli, kwamba haina madhara, na kwamba haitaandikwa, kwa sababu karatasi ya mauzo ina nafasi ya namba moja.

Ndeti aliwaambia ameipima ile karatasi kwa rula na namba mbili zinaenea, hata na jina la mtu juu yake. Mwenyekiti Tembo alimtazama kwa upole wa kweli.

"Fundi, wewe ni mtoto wetu. Mashine umetutengenezea, Mungu akuzidishie. Sasa itengeneze iseme namba moja. Wanunuzi wakituhama hakuna mnada, na mnada ukifa, hata wewe hatuna cha kukuajiria."

Dama alikuwa amesimama mlangoni na aliyasikia yote. Hakubishana. Alimwambia Ndeti afanye anayoambiwa, asijiharibie kazi kwa ajili ya mtungi.

Kwa hiyo Ndeti akaketi, akaandika mstari mmoja wa kuitupa namba ya pili. Kuuandika kulimchukua muda wa kunywa maji ya kikombe. Kuutafsiri uwe lugha ya mashine kuliichukua kompyuta ile kongwe dakika arubaini. Aliona haya dakika zote arubaini. Kiendeshi kilipokuwa tayari alikipachika, na kwa mara ya kwanza tangu aje Chirimani kikaingia bila kosa hata moja, bila onyo, kama siagi kwenye mkate.

Ng'ombe wa Ziro akapandishwa tena. Bamba lilididimia, ufa ukaongezeka kidogo, skrini ikaandika 181. Mramba akatia sahihi. Walipompakia, lori lililalia upande mmoja mpaka tairi zikagusa bodi, na vijana wakamhamishia ng'ombe katikati ili lisipinduke. Liliondoka polepole sana. Minada iliyofuata Mramba alifunga springi nzito zaidi, na gharama ya springi akaikata kwenye bei ya kila ng'ombe, jambo ambalo kamati iliona ni la haki kwa kuwa uharibifu ulionekana kwa macho.

Ila ule mstari haukuwa umeitupa namba mbali. Linux ina desturi ya kukipa kila kifaa faili lake, na ofisi nzima ilijua lile la /dev/mizani, ambalo karani alilisoma ili kujaza karatasi za mauzo. Ndeti alitengeneza na la pili, akaliita /dev/maji. Hakumficha mtu, alimweleza hata Mwenyekiti Tembo, naye akasema faili halili nyasi, liache. Kila namba iliyokataliwa na karatasi iliingia humo, na jina la mwanamke aliyeshika kamba.

Wanawake walianza kuja dirishani siku ileile ng'ombe wa Ziro alipouzwa, mitungi yao mitupu mikononi, kwa kuwa wakitoka mnadani hupitia bwawani. Hawakuja kwa fujo. Walisema hodi, wakaulizana habari za nyumbani, kisha mmoja mmoja akaomba asomewe yake. Ndeti aliwasomea. Mke wa Nzai alitaka kusikia mara mbili. Bibi mmoja aliyekuja na mbuzi watatu tu aliambiwa elfu moja na mia mbili, akasema, "Ahsante, mjukuu wangu," kwa namna mtu anavyoshukuru akipewa salamu kutoka kwa ndugu wa mbali. Hakuna aliyeuliza ile namba itamfaa kwa nini.

Dama alikuja wa mwisho, akiwa na Ziro nyuma yake. Ziro aliegemeza fimbo yake ukutani. Alisema tu kwamba, kwa maoni yake, kama ni yeye karani, angeandika. Dama akamwambia najua, baba, akamwelekea Ndeti.

Ndeti akasoma: "Dama wa Ziro. Kilo elfu sita na mia nne."

Dama alisikiliza, kichwa ameinamisha kidogo, kama anayekagua nguo iliyotoka kwa fundi.

"Na yaliyomwagika?"

"Yapi, mama?"

"Yaliyomwagika njiani. Pale kwenye mteremko wa mawe huwa nateleza. Kuna siku nimefika na nusu mtungi, nikarudi tena. Kuna siku niliuvunja kabisa."

Ndeti alilifungua lile faili, akatazama, akaufungua na msimbo, akatazama huko pia. Alichukua muda wake. Mizani ilipima kilichofika kinywani mwa ng'ombe, basi.

"Hayo hayamo, mama. Mashine haiyajui."

"Haya," Dama akasema. Hakuwa na hasira. Alimwambia asijali, yeye bado kijana na mashine yenyewe bado ngeni, na akipata nafasi alitazame jambo hilo. Kisha akamwomba Ziro amsogezee mtungi, akajitwika, akashika njia ya bwawani, kwa sababu nyumbani ndama alikuwa hajanywa tangu jana.